Bei ya Tiketi si Gharama ya Mechi

Katika kurasa hizi za familia tumezoea kuzungumza juu ya ada za shule, mahari, malezi na mambo ya jikoni. Safari hii tunaomba ruhusa yenu tuingie uwanjani. Mpira wa miguu umekwisha kuingia majumbani mwetu, na fedha inayokwenda huko inatoka katika mfuko ule ule unaonunua unga na kulipia umeme.

Kilichotusukuma ni kisa cha mzazi mmoja wa mtaani kwetu, huku Gongo la Mboto, ambaye mwanawe wa miaka kumi na mmoja alimganda kwa miezi kadhaa akitaka apelekwe Uwanja wa Benjamin Mkapa akaione timu yake kwa macho, si kwenye kioo. Baba akakubali. Mama naye akasema kwamba kama kijana anakwenda, basi dada yake aende pia, na yeye mwenyewe hatabaki nyumbani, kwani ameishi Dar es Salaam miaka yote hii na uwanja ule anauona kwa nje tu anapopita na daladala. Wakawa wanne. Tiketi za mzunguko zilikuwa shilingi 5,000 kwa kichwa, jumla shilingi 20,000, na baba akaliona jambo hilo jepesi.

Siku ya pili yake, baada ya swala ya Isha, alitukuta barazani akiwa na daftari la dukani. Alikuwa ameandika kila kitu. Tiketi 20,000. Nauli ya kwenda, daladala ya kwanza mpaka Tazara na ya pili mpaka uwanjani, 4,000 na ushei, akaihesabu 4,000. Maji, karanga, mihogo na juisi za watoto, 9,000. Kurudi, kwa kuwa mechi ilikwisha usiku, daladala zimejaa pomoni na binti amekwisha kusinzia begani mwa mama yake, walikodi bajaji kwa 15,000. Jumla shilingi 48,000. Tiketi, ambayo ndiyo aliyokuwa ameihofia, haikufika hata nusu ya hesabu. Mkewe alituambia bila hasira kwamba kwa fedha hiyo nyumba yao hula wali na maharage siku kumi.

Na hapo hawakuketi kwenye viti vya machungwa, wala VIP ya herufi yoyote.

Tumelitaja hilo kwa sababu kila ligi inapokuwa katikati husikika lawama redioni na vijiweni kwamba mashabiki wa siku hizi hawaendi uwanjani, mapenzi yao ni ya mdomoni na kwenye simu. Uwanja wetu mkubwa, uliofunguliwa mwaka 2007, unachukua watu 60,000. Siku Simba na Yanga zinapokutana, au klabu zetu zinapocheza usiku mkubwa wa mashindano ya Afrika, hujaa mpaka juu kabisa. Lakini ije mechi ya kawaida ya ligi, tena katikati ya wiki, na mtu aweza kuhesabu viti vitupu safu kwa safu. Wanaolaumu huona viti hivyo wakahukumu kwamba watu wamepoteza hamu. Sisi twaona vingine. Katika kila kiti kile kitupu kuna daftari la dukani lililokwisha kupigiwa hesabu, na mtu mwenye akili timamu aliyeamua kwamba mechi hii si ya kuifia, ataitazama kwenye banda umiza la mtaani kwa fedha ndogo au nyumbani kwenye king'amuzi, kisha alale mapema.

Wala hatuibezi televisheni. Mkataba wa miaka kumi uliotiwa saini mwaka 2021 kati ya TFF na Azam Media, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, umezipa klabu zetu fedha ambazo mlango wa uwanja peke yake usingeweza kuzileta, na bibi wa Newala sasa anaiona mechi ya Mwanza akiwa mkekani. Ila kila neema ina upande wake wa pili. Mtazamaji wa nyumbani anapokuwa ndiye mlipaji mkubwa, saa za mechi huanza kupangwa kwa kumwangalia yeye, na mtu wa mzunguko hujipanga kwa kumfuata. Mechi ya saa 1 usiku humfaa aliyetoka kazini na kuketi sebuleni. Kwa mwenye watoto wawili na safari ya Gongo la Mboto, ndiyo hiyo bajaji ya 15,000.

Familia ya Kiislamu ina hesabu yake nyingine juu ya hiyo. Siku ya mechi kubwa watu huingia uwanjani tangu kabla ya Adhuhuri ili wapate pa kukaa, na Alasiri huwakuta ndani. Wanaume hutandika khanga au jezi kwenye korido na kuswali kwa zamu, jambo ambalo limetufurahisha kila tulipoliona. Mama wa kisa chetu aliuliza swali jepesi tu: yeye na bintiye wangetawadha wapi? Mumewe hakuwa na jibu, na sisi tulipoulizwa tukatazamana. Aliyekwisha kusomesha kadi yake getini si mtu wa kutoka na kurudi apendavyo.

Tuseme haki juu ya kadi hizo. Tangu tiketi zianze kuwekwa kwenye N-Card, ile kadi ambayo wakazi wa Kigamboni wanaijua kwa kivuko, wale walanguzi wa tiketi za karatasi na waliochapisha za bandia wamebanwa sana. Hilo ni la kushukuriwa. Lakini mashine ya getini haipanui geti. Tarehe 28 Mei 2023, siku ya mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na USM Alger ya Algeria, msongamano uwanjani hapo ulichukua uhai wa mtu mmoja na kujeruhi wengine wengi. Mwenyezi Mungu amrehemu. Tangu siku ile wako akina mama tunaowafahamu ambao hawataki kusikia mtoto akitajiwa mechi kubwa, na hakuna punguzo la bei litakalowabadili nia kabla hawajaona kwa macho yao jinsi watu wanavyoingizwa.

Sasa twende kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, linauma kuliko bei. Tiketi ni ahadi. Anayeuza anapokea fedha leo ili atoe kesho, na mnunuzi anapanga siku yake, nauli yake na ruhusa yake ya kazini kwa kuiamini ahadi hiyo. Mwaka 2025 ahadi hiyo ilitikiswa mara mbili ndani ya miezi mitatu, na mara zote mbili mtu wa mzunguko ndiye aliyekuwa wa mwisho kupewa habari.

Jumamosi ya tarehe 8 Machi, wiki ya kwanza ya mfungo wa Ramadhani, Yanga ilikuwa mwenyeji wa Simba. Mechi ilipangwa ianze usiku, muda mfupi baada ya futari. Watu walisafiri kutoka mikoani wakiwa na swaumu zao, wengine wamebeba tende na chupa ya maji wafuturu kwenye viti. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba ilikwenda kufanya mazoezi uwanjani ikazuiwa kuingia, ikatangaza kwamba haitacheza, na mchana wa siku yenyewe Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo. Nani alikuwa na haki, Simba, Yanga au bodi, yamesemwa ya kutosha na sisi hatutayarudia. Kila nyumba ina mwanasheria wake. Tunalotaka kulisema ni kwamba katika wiki zote za mabishano yaliyofuata, juu ya kanuni, juu ya pointi, juu ya nani aombe radhi kwa nani, ilikuwa nadra mno kusikia mtu akimtaja abiria aliyeshuka kwenye basi la Dodoma mchana ule. Bei ya tiketi yaweza kurudishwa, au tiketi ikahamishiwa siku nyingine. Nauli ya basi hairudi, na siku ya Ramadhani iliyokwisha kutumika njiani hairudi. Mchezo ule hatimaye ulichezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2–0. Ilikuwa Jumatano, siku ya kazi.

Kati ya tarehe hizo mbili likaja la pili. Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Morocco, na kila mtu alijua mchezo wa marudiano ungekuwa kwa Mkapa, mbele ya watu 60,000. CAF haikuridhika na hali ya eneo la kuchezea, na mchezo wa tarehe 25 Mei ukahamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, ambao ni mdogo mara kadhaa kuliko wa Mkapa. Ndugu zetu wa Unguja walifurahi, na walistahili furaha hiyo. Lakini kwa shabiki wa Mbagala fainali ya nyumbani iligeuka kuwa safari ya baharini, nauli ya boti kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na viti vichache vinavyogombewa na nchi nzima. Nyasi ziliposhindwa kutunzwa, gharama ilihamia kwake.

Watoto wetu wanajua majina ya viwanja vya Uingereza kuliko ya mito ya nchi yao, basi na tuchukue somo hukohuko wanakotazama. Baada ya maafa ya Hillsborough ya mwaka 1989, ambayo jumla ya waliofariki kutokana nayo ni watu 97, Jaji Taylor alipendekeza katika ripoti yake ya mwaka 1990 kwamba viwanja vikubwa viwe vya kukaa vitini. Wengi hawakumbuki kwamba jaji huyo alionya pia dhidi ya kupandisha bei, akatoa mfano wa uwanja wa Ibrox huko Glasgow, ambako kukaa kulikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4. Viti vilikuja, na onyo juu ya bei likaachwa kabatini. Miaka ikapita, hata mwanzoni mwa mwaka 2016 Liverpool ikatangaza tiketi ya pauni 77 kwa viti vyake vya bei ya juu. Tarehe 6 Februari, wakicheza na Sunderland, dakika ya 77, maelfu ya mashabiki walisimama na kutoka uwanjani. Hawakuvunja kiti wala kumtukana mtu. Liverpool ilikuwa mbele 2–0. Mechi ikaisha 2–2. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi na kuifuta bei ile, na kuanzia msimu uliofuata klabu za Ligi Kuu ya huko zikakubaliana kwamba shabiki mgeni asitozwe zaidi ya pauni 30.

Hatusemi kwamba 5,000 yetu ni sawa na pauni 77. Shida ya kwetu haiko kwenye namba iliyochapishwa, na ndiyo maana kushusha bei peke yake, au zile siku ambazo wafadhili hununua tiketi na kuzigawa bure, hakujaujaza uwanja siku za kawaida. Tulilolipenda katika kisa cha Liverpool ni kwamba wenye tiketi walizungumza kama wenye tiketi, pamoja na kwa adabu, wakasikilizwa. Sisi huzungumza kama Simba au kama Yanga. Matawi yetu yana viongozi, yana katiba, yana makundi ya simu yasiyolala. Hatujapata kusikia matawi ya pande mbili yakiketi baraza moja na kudai, kwa mfano, kwamba mechi ikiahirishwa siku yenyewe fedha irudi kwenye kadi bila mtu kuiomba. Kwamba saa ya mchezo ikishatangazwa na tiketi zikaanza kuuzwa isibadilishwe ila kwa dharura. Kwamba upande mmoja wa mzunguko utengwe kwa wenye watoto, wenye geti lao, maji ya udhu na mahali pa kutandika mswala. Mambo haya hayahitaji mabilioni. Yanahitaji mtu wa kuyaombea, na mwombaji hajatokea.

Na nyumbani nako tuambizane kweli. Wako akina baba ambao hawakosi mechi hata moja, hesabu yao ya uwanjani haiandikwi kwenye daftari lolote, na mke hujua tu kwamba mwezi umekuwa mfupi. Tena wengine hutoka uwanjani wakapitia kwenye vibanda vya kubeti, na hilo si suala la tiketi tena. Tumekwisha kuliandikia na tutaliandikia. Tofauti ya mzazi wa kisa chetu na hao ni kwamba yeye alikwenda na nyumba yake, na aliporudi aliiweka hesabu mezani mbele ya mkewe.

Tulimuuliza kama atarudia. Alicheka. Alisema wamekubaliana mara mbili kwa mwaka, mechi ya mchana, isiwe ya watani, na fedha itengwe kidogo kidogo kwenye kopo tangu mwezi mmoja kabla. Binti ameomba safari ijayo wakae upande wenye kivuli. Kijana kwa upande wake anataka kujua jambo moja tu, nalo ni kama timu yake itacheza siku iliyoandikwa.