"Vuli" na Majani Yanayopukutika

Kila Oktoba, familia nyingi za Marekani huelekea White Mountains, katika jimbo la New Hampshire. Wazazi na watoto hukwea vijia vya milimani kwa miguu. Wengine huendesha baiskeli katika njia iliyotengwa kwenye upenyo wa milima uitwao Franconia Notch. Kinachowavuta ni majani. Siku zinapofupika, ukijani huyatoka, umanjano uliojificha hujitokeza, na mengine huwa mekundu kabla ya kupukutika.

Msimu huo baadhi ya wafasiri huuita "vuli". Hapo ndipo penye kasoro. Vuli ya Mswahili ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Mkulima hutia mbegu na ardhi huvaa kijani. Msomaji wa Lamu akiambiwa kwamba familia ilikwea milima wakati wa vuli, atawaona watoto wakiteleza matopeni!

Huenda ikadaiwa kuwa neno hili ni fupi na limekwisha kuzoeleka. Mazoea si hoja. Heri mfasiri aandike "majira ya kupukutika majani". Usemi huo ni mrefu, lakini haumnyimi msomaji mandhari ya ugenini, wala haumpokonyi mkulima mvua yake.