Dawa Iliyopimwa Ikapungua



Katika maradhi yaingiayo majumbani mwetu pasipo kupiga hodi, machache humhuzunisha mtu kama kusahau kwa wazee. Babu ameswali Adhuhuri, na punde si punde auliza kama imeadhiniwa. Mama amtazama mwanawe wa kumzaa na kumwambia, “Wewe ni mtoto wa nani?” Si kila usahaulifu wa uzeeni ni ugonjwa, lakini huu uzidio mwaka hadi mwaka aghalabu hutokana na ugonjwa wa ubongo uitwao Alzheimer, kwa jina la tabibu wa Kijerumani aliyewaeleza wenziwe habari zake mwaka 1906. Mpaka leo haujapatiwa dawa ya kuuponya. Ndiyo sababu kila isemwapo kuwa dawa mpya i karibu kutoka, watoto wa mgonjwa huwa tayari kuuza hata shamba. Kwa ajili yao naeleza leo habari za dawa moja, Dimebon.

Dawa hii haikuwa ngeni. Warusi waliitumia tangu miaka ya 1980 kwa wenye mzio. Baadaye wataalamu wakadhani ya kuwa yaweza kuufaa ubongo, wakaijaribu huko Urusi kwa wagonjwa 183. Wagonjwa wakagawanywa mafungu mawili: fungu moja likapewa Dimebon, na la pili vidonge vitupu visivyo na dawa ndani yake. Baada ya wiki 26, wale wa Dimebon waliwapita wenzao kwa alama kama 4 katika mtihani wa akili wenye alama 70. Habari hiyo ilipochapishwa mwaka 2008 katika jarida la The Lancet, furaha ilikuwa kubwa. Mwaka huo huo kampuni ya Pfizer ilikubali kuilipa kampuni ndogo ya Medivation, iliyokuwa na dawa hiyo, dola milioni 225 ili washirikiane.

Najua msomaji atauliza: kumpa mgonjwa kidonge kitupu, je, huko si kumhadaa? Ni swali la haki, na hatuna budi kulijibu. Hadaa ni kumficha mtu jambo ambalo lau angalilijua asingaliridhia. Katika majaribio yaliyo sawa, mgonjwa na mwenye kumwangalia huelezwa mapema ya kuwa kutapigwa kura, na kuwa huenda akaangukia kidonge kitupu. Akitaka ataingia, asipotaka atakwenda zake, na hata akiisha kuingia yu huru kutoka. Kura nayo si jambo geni kwa asomaye kisa cha kulelewa Bibi Maryamu. Ama kufichwa nani kapata nini, daktari naye hufichwa vile vile, kwa kuwa jicho lenye matumaini huona nafuu hata pasipo nafuu. Mwana akijua ya kuwa baba yake anakunywa dawa mpya, siku baba atakapomwita kwa jina lake atasema ni dawa. Naye huenda angalimwita siku ile hata bila dawa, maana ugonjwa huu una siku zake njema na siku zake mbaya.

Basi dawa hupita madaraja matatu. La kwanza hutazama kama haidhuru, kwa watu wachache. La pili hutafuta dalili za manufaa. La tatu ndilo zito: watu wengi, mahali pengi, mizani ile ile. Dimebon ilipandishwa daraja hilo kwa wagonjwa 598, na mwezi wa Machi 2010 majibu yakatoka. Waliokunywa dawa na waliokunywa vidonge vitupu hawakupambanukana. Hisa za Medivation zilianguka kwa zaidi ya nusu katika siku moja. Ilijaribiwa pia pamoja na donepezil, dawa ya zamani ya ugonjwa huu, kwa muda wa mwaka mzima. Mwezi wa Januari 2012 ikatangazwa kuwa nako haikufaulu, na kazi ikaachwa.

Wako walioona ya kuwa fedha zile zimepotea bure. Mimi sioni hivyo. Lau daraja la tatu lisingalikuwako, leo wazee wangapi wangalikuwa wakimeza vidonge hivyo mara tatu kwa siku, na watoto wao wakikopa ili wavilipie?

Ziko zilizolipita daraja hilo. Lecanemab, iliyopata ruhusa Marekani mwaka 2023, ilijaribiwa kwa watu 1,795 ambao ugonjwa wao ulikuwa ungali mchanga. Baada ya miezi 18 mafungu yote mawili, kwa wastani, yalikuwa yamerudi nyuma, ila waliopewa dawa walirudi polepole zaidi, kwa tofauti isiyofika nusu alama katika kipimo cha alama 18. Na baadhi yao walipatwa na uvimbe wa ubongo au kuvuja damu ndani yake.

Kwa hiyo, akikujia mtu na chupa, akakwambia ni dawa ya kusahau iliyokwisha kujaribiwa ng'ambo, usimfukuze wala usimtukane. Muulize ilijaribiwa kwa watu wangapi, na kina nani walipewa kidonge kitupu. Akikujibu ya kuwa amemwona kwa macho yake mzee mmoja aliyepata nafuu, mwambie wale wa Urusi walikuwa 183.