Kampala Imewanyima Haki ya Kujibu

Desemba 2012, kituo cha televisheni cha NBS mjini Kampala kilimwalika Pepe Julian Onziema kwenye kipindi chake cha asubuhi. Onziema ni mtu wa transjenda: alizaliwa akaandikishwa kuwa mwanamke, naye anajitambua na kuishi kama mwanamume. Alifika studioni kama mtetezi wa haki za binadamu. Mtangazaji akafungua kwa kumuuliza kwa nini yeye ni shoga, akababaika kama amwite bwana au la, na kabla kipindi hakijaisha mchungaji Martin Ssempa alikuwa ameingia na mboga na matunda akitoa somo ambalo halifai kurudiwa kwenye ukurasa huu. Kipande hicho kimezunguka dunia kama kichekesho. Swali linakumbukwa hadi na watoto wa shule. Mgeni alijibu nini, hakuna anayejali.

Anayedhani kudhibiti habari ni kuzima redio na kuchoma magazeti hajaitazama Uganda vizuri. Kwa takriban miaka ishirini watu wa transjenda wametajwa huko kwenye kurasa za mbele, bungeni na mimbarini, wakati mwingine kwa majina na picha. Kinachozuiwa ni wao kusema. Gazeti likiwaanika, hiyo ni habari. Wao wakichapisha maelezo yao, hiyo ni kupigia debe ushoga, na adhabu yake tangu 2023 ni kifungo cha hadi miaka 20 jela. Gazeti hili linaiita hali hiyo dhuluma, na linawataka wanaoiendesha wakome.

Rekodi ipo, na haihitaji kutiwa chumvi. Mwaka 2004 Radio Simba ya Kampala iliwapa wanaharakati nafasi ya kuzungumza hewani. Baraza la Utangazaji likaitoza faini ya shilingi milioni 1.8 za Uganda na kuiamuru iombe radhi kwa kukiuka maadili ya umma. Kosa la redio lilikuwa kuwasikiliza wahusika wenyewe. Mwaka uliofuata, Julai 2005, kiongozi wa serikali ya mtaa alivamia nyumba ya Victor Mukasa, mwanamume wa transjenda na mmoja wa waanzilishi wa shirika la utetezi la SMUG (Sexual Minorities Uganda). Mukasa hakuwepo. Karatasi za shirika zilibebwa, na mgeni aliyekutwa ndani, mwanamke kutoka Kenya, akapelekwa polisi na kudhalilishwa. Desemba 2008 Jaji Stella Arach-Amoko aliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Tuiangalie vizuri hesabu hiyo: redio iliadhibiwa kwa sababu ya sauti, nyumba ikapekuliwa kwa sababu ya karatasi, na yote hayo yalitokea kabla Bunge halijatunga sheria yoyote mpya.

Kisha likaja gazeti la Rolling Stone, lisilo na uhusiano wowote na jarida la Marekani lenye jina hilo. Oktoba 2010 lilichapa picha na majina ya watu lililodai ni mashoga, likaweka mbele wito wa kuwanyonga. Watatu kati ya waliotajwa, Kasha Jacqueline, David Kato na Onziema, walikwenda Mahakama Kuu wakashinda. Jaji aliamuru gazeti limlipe kila mmoja shilingi milioni 1.5 na lisirudie tena. Hukumu ilitolewa Desemba 30, 2010. Januari 26, 2011 Kato aliuawa nyumbani kwake. Polisi walikana kwamba kifo hicho kilihusiana na gazeti, na mtu mmoja alipatikana na hatia. Hatusemi gazeti liliua. Tunasema mhariri aliyeandika kwamba watu wanyongwe hakuwahi kufungwa hata siku moja kwa kuandika hivyo, ilhali leo mhariri atakayeandika kwamba watu hao hao waachwe waishi anaweza kushtakiwa.

Hata hukumu ile haikuwa funzo. Februari 24, 2014 Rais Yoweri Museveni alitia saini sheria ya kwanza dhidi ya ushoga. Siku iliyofuata gazeti la Red Pepper likatoka na orodha ya watu 200. Miongoni mwa walioanikwa na gazeti hilo ni Cleopatra Kambugu, mwanamke wa transjenda ambaye baadaye alilazimika kuihama nchi na kukimbilia Nairobi. Kisa chake kimo katika filamu ya hali halisi iitwayo The Pearl of Africa, iliyotolewa 2016 na mtengenezaji kutoka Sweden. Lakini kwa nini kisa cha Mganda kisimuliwe na Mswidi? Jibu ni kwamba Mganda ambaye angekisimulia angekuwa anajitafutia jela.

Wapo waliojaribu. Desemba 2014 kikundi cha Kuchu Times, kikiongozwa na Kasha Jacqueline Nabagesera, kilichapa jarida la Bombastic, wahusika wakisimulia maisha yao wenyewe, na kulisambaza bure kupitia watu wa kujitolea. Baadaye likaanzishwa tamasha la filamu mjini Kampala ambalo wageni wake waliambiwa mahali pa kukutania kwa siri. Tamasha la pili, Desemba 2017, lilivunjwa na polisi. Sherehe zao za Pride za Agosti 2016 nazo zilikuwa zimevamiwa katika klabu ya usiku, na za 2017 zikafutwa kabla hazijaanza.

Hapo ndipo penye ugumu ambao wanaowalaumu watu hawa kwa kutojipanga hawataki kuuona. Kupanga upinzani kunahitaji vitu vya kawaida kabisa: jina lililosajiliwa, akaunti ya benki, chumba cha mkutano, mtu wa kuchapa vipeperushi, mwenye nyumba asiyeogopa. Kila kimoja kati ya hivyo kimefungiwa kufuli. SMUG iliomba kusajiliwa. Msajili akakataa jina lake. Ilikwenda Mahakama Kuu, ikashindwa 2018. Agosti 2022 Ofisi ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ikaifunga, na sababu iliyotolewa ni kwamba shirika hilo halijasajiliwa. Machi 2024 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi wa msajili. Katika historia ya urasimu wa kanda hii tumeona vituko vingi, lakini ofisi moja kukunyima cheti na nyingine kukuadhibu kwa kukosa cheti hicho hicho ni kituko cha aina yake.

Sheria ya 2023, aliyoitia saini Museveni mwezi Mei, ndiyo iliyokamilisha kazi. Toleo lililopitishwa na Bunge Machi 21 mwaka huo lilitaka hata kujitambulisha kuwa mtu wa transjenda kuwe kosa la jinai. Rais alilirudisha, na kipengele hicho kikaondolewa. Wengi walishusha pumzi mapema mno. Kifungu cha 11 kilibaki, nacho kinamkamata anayechapisha, kutangaza, kusambaza au kufadhili chochote kinachohesabiwa kuwa ni kuhamasisha ushoga au kuufanya uonekane jambo la kawaida. Shirika likipatikana na hatia linaweza kutozwa shilingi bilioni 1, au leseni yake kusimamishwa kwa miaka 10. Aprili 3, 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vipengele vinne vya sheria hiyo, kikiwemo cha kumlazimisha jirani amripoti jirani. Marufuku ya kuchapisha iliachwa ilivyo.

Tena sheria yenyewe inazungumzia ushoga, wala haimtaji mtu wa transjenda kama mkosaji. Polisi hawana muda na tofauti hiyo. Anayevaa tofauti na kitambulisho chake hukamatwa kwa kosa la zamani la kujifanya mtu mwingine, kisha magazeti hupewa picha. Na kwa kuwa kueleza tofauti kati ya jinsia ya mtu na mapenzi yake kunaweza kuitwa uhamasishaji, mwandishi anayetaka kuwaelimisha polisi hao anajiweka hatarini. Ujinga umepewa ulinzi wa sheria.

Msomaji anaweza kuwa na imani yake kuhusu jambo hili, ya Kiislamu, ya Kikristo au ya mila za kwao, na hatumwombi aiache. Tunamuuliza tu kama angekubali gazeti limtaje yeye, mwanawe au dada yake kwenye ukurasa wa mbele, kisha sheria imfunge yeyote atakayechapa utetezi wake. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Lipo pia suala la nani anayebeba mzigo wa upinzani. Agosti 2023 Benki ya Dunia ilitangaza kusitisha mikopo mipya kwa Uganda kwa sababu ya sheria hiyo. Huko ng'ambo hatua hiyo ilipigiwa makofi. Kampala iliigeuza kuwa ushahidi kwamba watu wa transjenda ni mradi wa wageni, na kila mkulima aliyeogopa kukosa barabara au zahanati akapewa mtu wa kumlaumu. Hatuwakatazi wenye fedha kuamua watoe wapi fedha zao. Ila shinikizo la mkopo haliwezi kuwa badala ya majirani kusimama na majirani, na mara nyingi linawaongezea maadui watu wasio hata na mlango wa kujifungia.

Kilichowahi kufaulu Uganda kilikuwa cha aina nyingine. Kesi iliyobatilisha sheria ya 2014, Agosti 1 mwaka huo, ilitiwa saini na watu kama Profesa Joe Oloka-Onyango, mbunge wa zamani Morris Ogenga Latigo, Fox Odoi na mwanahabari Andrew Mwenda, bega kwa bega na wanaharakati wenyewe. Walishinda kwa hoja ya akidi ya Bunge, hoja kavu ya utaratibu, na ushindi ni ushindi. Mwaka 2023 Mwenda na Odoi walirudi mahakamani tena. Watu hao walikuwa na vyeo, majina na mawakili. Kuwachafua kulikuwa na gharama. Huwezi kumdai kijana wa transjenda aliyefukuzwa kwenye chumba cha kupanga huko Kireka aongoze mapambano ya uhuru wa habari, huku vyama vya wahariri, mawakili na wahadhiri wakisubiri upepo utulie. Kifungu cha 11 kinawahusu wao moja kwa moja: ni sheria ya uchapishaji, na kila mwenye mtambo wa kuchapa yumo ndani yake. Wahariri wa Uganda walipaswa kuwa wa kwanza mahakamani. Ukimya wa wengi wao umekuwa wa aibu.

Nasi Wakenya tusijipige kifua. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa 1962, Mwingereza akiwa bado anatawala, na ndiyo iliyotumiwa kupiga marufuku filamu za mapenzi ya jinsia moja: Stories of Our Lives mwaka 2014, Rafiki ya Wanuri Kahiu mwaka 2018 na I Am Samuel mwaka 2021. Rafiki iliruhusiwa siku saba kwa amri ya Jaji Wilfrida Okwany, kumbi zikajaa, na siku hizo zilipokwisha nchi ilikuwa mahali pake. Katiba ya 2010, Ibara ya 33, inataja wazi mambo ambayo uhuru wa kujieleza hauyalindi: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na kueneza uhasama. Bodi ya filamu kukasirishwa na filamu yenye mwisho wa matumaini hakumo kwenye orodha hiyo.

Mahakama zetu zimeonyesha kwamba njia nyingine ipo. Mwaka 2014 Jaji George Odunga aliiamuru bodi ya mashirika ilisajili Transgender Education and Advocacy, shirika la watu wa transjenda lililokuwa limezungushwa kwa miaka. Oktoba mwaka huo Jaji Weldon Korir aliliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua cheti chenye jina lake jipya, bila alama ya jinsia. Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ilisema kumnyima mtu haki ya kuunda shirika kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi ni ubaguzi. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, na kutoka kwenye kelele hizo ukazaliwa Mswada wa Ulinzi wa Familia wa mbunge wa Homa Bay Mjini, George Peter Kaluma, wenye marufuku ya uhamasishaji inayofanana mno na ya Kampala.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Bunge la Uganda lifute kifungu cha 11 chote, na Ofisi ya Usajili iipe SMUG cheti ilichokiomba zaidi ya miaka kumi iliyopita. Wahariri wa pande zote mbili za mpaka waache kuchapa jina au picha ya mtu yeyote kwa sababu tu ya jinsia yake, na wanapomwandika mtu wa transjenda wampigie simu kwanza na kuchapa anachosema. Chama cha Wahariri cha Kenya kijiunge rasmi na kesi za wenzao walioko Kampala badala ya kuwatumia salamu za pole. Wabunge wetu nao, mswada wowote wenye marufuku ya uhamasishaji ukifika mezani kwao, wamtake mwenye mswada asome kwa sauti Ibara ya 33 na aonyeshe ni aya ipi inayompa ruhusa. Asipoionyesha, wapige kura ya hapana siku hiyo hiyo.