Msitu Umefungwa, Miguu Haijafungwa

Kiangazi cha kuanzia Januari hadi Machi kina desturi yake katika nyumba za Nairobi. Shule zimefunguliwa, karo imelipwa au imeahidiwa, anga ni jeupe, na kila mwenye viatu vya raba anataka kutoka mjini. Vyama vya wanafunzi hupanga safari za milimani, vikundi vya vijana kanisani vivyo hivyo, na wazazi huwaahidi watoto kwamba Jumamosi ijayo ni ya Kereita, Longonot au Aberdare. Kisha Ijumaa jioni habari hufika: njia zimefungwa kwa sababu ya hatari ya moto. Mandazi yamekwisha kukaangwa, chupa za maji zimejazwa, na mtoto wa miaka tisa anataka kujua ni nani aliyeufunga mlima na kwa ufunguo gani.

Hapo ndipo jamaa nyingi hukosea, na hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza hununa, huwasha televisheni, na siku hupotea. Wa pili ni wabaya zaidi. Hao husema, "Kuna mtu anamjua mlinzi fulani," au, "Tupitie njia ya panya, nani atatuona?" Leo nataka tuzungumze na hao wote wawili, hasa wewe unayeishi Uthiru, Kangemi, Kinoo na sehemu hizo za magharibi mwa jiji.

Kwa nini hufungwa?

Tuanze na huyo wa njia ya panya. Msitu haufungwi kwa kukunyima raha. Milima yetu imewahi kuwaka, na si mara moja. Machi 2009 moto ulichoma Longonot. Machi 2012 ukaunguza sehemu kubwa za Mlima Kenya. Februari 2022 ukala nyasi na vichaka vya nyanda za juu za Aberdare. Tazama miezi hiyo: yote ni ya kiangazi hiki hiki tunachokipendea matembezi.

Moto una tabia ambayo mtembezi wa mjini haijui. Binadamu huchoka anapopanda mlima, lakini moto hupata nguvu. Joto lake hutangulia kukausha nyasi zilizo juu kabla miali yenyewe haijafika, na upepo huusukuma. Wazima moto wa misituni hufunzwa kwamba kila mteremko unapoongezeka kwa nyuzi 10, mbio za moto hukaribia kuwa maradufu. Sasa mfikirie mtoto wako akiwa katikati ya Longonot, mahali ambapo njia ya kupanda kutoka langoni hadi ukingo wa shimo la volkano ni moja tu na hiyo hiyo ndiyo ya kushukia. Moshi ukitokea chini yake, atakimbilia wapi?

Isitoshe, aliyeingia kwa mlango wa nyuma hayumo katika daftari la langoni. Moto ukizuka, hakuna anayejua kwamba yumo. Na walinzi wakimwona, lazima waache kuuzima moto wakamtafute yeye. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga, na agizo la kufunga msitu ndiyo tahadhari yenyewe.

Lipo jambo jingine linalokuhusu hata kama hujawahi kupanda kilima. Sehemu kubwa ya maji ya mifereji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, na bwawa la Sasumua. Mabwawa hayo hujazwa na mito itokayo misitu ya Aberdare. Udongo wa msituni hufyonza mvua kama sifongo na kuiachia mito polepole hata wakati wa kiangazi. Msitu ukiungua, mvua inayofuata huteremka kwa kasi ikibeba majivu na udongo hadi bwawani. Kwa hiyo kijiti cha sigara kilichotupwa huko juu kinaweza kuishia katika mtungi wako wa lita 20 hapa Uthiru. Ukimweleza mtoto hivyo, atakuwa amejibiwa swali lake la ufunguo.

Sasa tuende wapi?

Nikugeukie wewe uliyenuna. Msitu umefungwa, lakini miguu haijafungwa. Yapo matembezi matatu yasiyohitaji basi la kukodi, na yote yanaanzia mlangoni pako au nauli fupi ya matatu kutoka hapo.

La kwanza ni kuifuata asili ya Mto Nairobi. Wengi wetu tunaujua mto huu kwa uvundo wake mjini, lakini ni wachache wanaojua kwamba unaanzia karibu hivi, katika kinamasi cha Ondiri, pembeni mwa mji wa Kikuyu. Kutoka Uthiru ni mwendo wa kilomita 8 hadi 10 hivi, kutegemea njia utakayoishika. Kaa mbali na barabara kuu, upite barabara za ndani za Kinoo na Muthiga, ukiwauliza njia akina mama wanaouza mboga, maana hao hawapotezi mtu. Uthiru iko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kikuyu inakaribia mita 2,000. Hivyo utakuwa unapanda mlima bila kujua, na mapaja yatakwambia jioni.

Ondiri si bwawa la kawaida. Mafunjo na matete yamefumana juu ya maji yakawa kama mkeka mnene, na ukanda huo hutikisika ukikanyagwa. Ndiyo sababu nakuonya: tazama kutoka ukingoni, usiingie, na mtoto ashikwe mkono. Mkeka huo hauna ahadi na mtu. Keti kwenye nyasi kavu, uwaonyeshe watoto ndege, kisha uwaambie kwamba chemchemi za Kikuyu zilikuwa miongoni mwa vyanzo vya kwanza vya maji ya jiji changa la Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20. Kurudi, pandeni matatu. Mtoto aliyetembea kilomita 9 ametosha.

Matembezi ya pili ni ya kuufuata mto huo huo huko chini, na ni vyema yafanywe Jumamosi inayofuata wakati watoto bado wanakumbuka walichokiona Ondiri. Chukueni matatu ya Waiyaki Way mshuke Museum Hill. Anzeni kwa kutembea hadi Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ambayo ingeipatia reli kuni. Ina hekta 30 hivi, na miti mingi imewekewa kibao cha jina. Mwanafunzi mwenye daftari na kalamu atapata kazi ya asubuhi nzima. Kwa kuwa bustani hiyo nayo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, hakikisha kwanza kwamba iko wazi.

Kisha rudini Makumbusho ya Taifa, mteremke hadi bustani ya Michuki karibu na mzunguko wa Globe. Hapo mto unapita mbele yenu. Sehemu hiyo ilikuwa imejaa taka, hadi kazi ya kuisafisha ilipoanza wakati marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira, kuanzia mwaka 2008 hadi alipofariki mwaka 2012. Mwulize mtoto: haya ndiyo maji tuliyoyaona Ondiri, yamepatwa na nini njiani? Mwache ajibu mwenyewe. Jibu atakalolitoa litadumu kichwani kuliko somo la darasani.

Matembezi ya tatu ni mafupi, yanawafaa wenye watoto wadogo na wazee. Ni ya Kabete. Vukeni Waiyaki Way kwa daraja la waendao kwa miguu, wala msikimbie kati ya magari, kisha mpite barabara zenye miti kuelekea bewa la Upper Kabete la Chuo Kikuu cha Nairobi. Bewa hilo lina mashamba na miti mingi, lakini lina wenyewe: ombeni ruhusa langoni, na mkikataliwa, rudini kwa adabu mpite barabara za nje. Ndani yake imo taasisi yenye jina la Profesa Wangari Maathai, mama aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akaupigania msitu wa Karura usinyakuliwe, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Na mkiwa njiani, simulieni habari za barabara yenyewe. Waiyaki wa Hinga, ambaye jina lake tunalitaja kila siku tukimlipa makanga, alikamatwa mwaka 1892 katika Fort Smith, ngome ya kampuni ya Waingereza iliyokuwa huko huko Kabete. Alikuwa akipelekwa pwani alipofariki Kibwezi mwaka huo huo. Kama guka au cucu wa nyumba yako bado yu hai, mchukue katika matembezi haya. Yeye ana habari ambazo hazimo kitabuni, na mwendo wake wa polepole utawafunza vijana subira.

Kabla hujafunga mlango

Matembezi ya karibu nayo yana kanuni zake. Ondokeni kabla ya saa moja asubuhi, maana jua la kiangazi halina huruma kuanzia saa tano. Kila mtu mzima abebe lita 2 za maji, na kofia isiachwe. Msitembee juu ya reli ingawa inaonekana kimya, wala kwenye barabara kuu ya Southern Bypass, ambapo magari hayatarajii mtembezi. Nendeni kwa kundi, na mtu wa nyumbani ajue njia mtakayopita.

Chakula kiwe cha kuliwa baridi: nduma na viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, chapati, na chai kwenye chupa ya kuhifadhi joto. Msiwashe moto wowote, hata wa kuchoma mahindi mawili. Nyasi za kando ya njia zimekauka kama zile za msituni. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Walilitumia kusifu ushirikiano, lakini wakati wa kiangazi lichukue kama lilivyo, usiwe wewe kinga cha pili.

Nanyi wanafunzi mnaochanga pesa za safari, ulizeni swali moja kabla ya kutoa hata shilingi: msitu ukifungwa, pesa zetu zitarudishwa au safari itaahirishwa? Jibu liandikwe. Na siku mbili kabla ya safari, mmoja wenu aulize ofisi ya msitu wenyewe au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kama ni mbuga yao. Msitegemee neno la mwenye basi peke yake, kwa maana yeye huishi kwa nauli. Akiwaambia kwamba lango limefungwa lakini yeye anajua pa kupenyea, shukeni.

Najua kuna watakaosema kwamba Kinoo si Aberdare, na kwamba huwezi kulinganisha vumbi la Muthiga na ukungu wa milimani. Ni kweli. Lakini mtoto hukumbuka nani alitembea naye, walikula nini, na alionyeshwa nini ambacho hakukijua. Tena yuko mtoto wa Uthiru aliyekwisha kufika Longonot mara tatu na hajui kwamba mto wa jiji lake unazaliwa saa chache za miguu kutoka mlangoni kwao. Huyo tumemnyima kitu, na hakuna lango lililomzuia.

Mvua za masika zitanyesha, nyasi zitakuwa kijani, na walinzi watafungua njia wenyewe. Siku hiyo mlima utaukuta pale pale ulipouacha, kwa sababu kuna watu walikubali kukaa mbali nao ulipokuwa mkavu. Wewe na jamaa yako muwe miongoni mwao. Jumapili njema.