Vitalu nyumba vipewe pumzi

Kuanzia viunga vya mji hadi vijijini, siku hizi si ajabu kuona nyuma ya nyumba za watu mabanda ya nailoni yaliyosimamishwa kwa nguzo za mvinje, ambamo hupandwa tungule, pilipili hoho na matango. Mengi yamejengwa na wenyewe, kwa fedha walizodunduliza au walizokopa katika vikundi vyao. Hiyo ni jitihada ya kupongezwa. Kisiwa chetu bado hupokea sehemu kubwa ya mboga zake kutoka Tanzania Bara, na kila bahari inapochafuka au Ramadhani inapokaribia, mama wa nyumbani ndiye wa kwanza kuyahisi makali ya bei sokoni. Kila ndoo ya tungule iliyovunwa Unguja ni nafuu kwa jikoni na ni kazi kwa kijana.

Pamoja na pongezi hizo, hapana budi tuseme ukweli. Wakulima wengi wa mabanda haya wamepatwa na mkasa wa namna moja. Miche huota vizuri, hustawi na kujaa maua, kisha maua hupukutika bila ya kufanya tunda. Mmoja hulaumu mbegu, mwengine mbolea, na wengine huona wamepigwa jicho. Mara nyingi kosa halimo katika lolote kati ya hayo. Kosa ni joto, na joto hilo limefungiwa ndani na sisi wenyewe.

Inafaa ikumbukwe kwamba kitalu nyumba cha namna hii asili yake ni nchi za baridi, kama vile Uholanzi na Uingereza, ambako mkulima hulikamata jua na kulizuia lisitoke. Sisi tuko takriban nyuzi 6 kusini ya Ikweta. Mwezi wa Februari joto la mchana huku kwetu hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi kivulini, na usiku halishuki sana chini ya 24. Mtungule huanza kushindwa kuzaa pale mchana unapozidi nyuzi 32 hadi 35 na usiku unapobaki juu ya 21 hadi 24, kwa kuwa chavua yake huharibika. Maana yake ni kwamba katika kaskazi mmea umeshafika ukingoni hata ukiwa nje. Ukiuingiza ndani ya nailoni iliyozibwa pande zote, ambamo joto la adhuhuri huweza kupita nyuzi 45, umeuhukumu.

Basi kitalu nyumba kwetu kina faida gani? Kinayo, tena kubwa, lakini si ya kutia joto. Kazi yake ni kuukinga mmea na mvua ya masika, ambayo huozesha majani na kumwaga maua, na kuuzuilia wadudu, akiwemo yule nondo wa tungule, Tuta absoluta, aliyeonekana nchini Tanzania mwaka 2014. Kwa kazi hizo mbili hatuhitaji chumba kilichofungwa. Tunahitaji paa zuri na kuta za wavu.

Wako wanaodhani kuwa dawa ni feni za umeme. Tusisahau haraka hivyo. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mmoja, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 tukakosa umeme kwa muda wa miezi mitatu, tena katika kilele cha joto. Hali ya umeme imebadilika tangu waya mpya wa chini ya bahari ulipoanza kazi mwaka 2013, lakini banda ambalo mimea yake hufa kwa umeme kukatika mchana mmoja si msingi wa riziki ya mtu maskini. Na wako wanaonyunyiza maji hewani wakitaraji baridi. Ufundi huo hufaa Dodoma wakati wa kiangazi, kwa sababu hewa kavu huyanywa maji na kupoa. Hewa ya pwani imeshashiba unyevu. Hata kwa ustadi wote, huku kwetu haipungui zaidi ya nyuzi chache, na unyevu unaobaki huwa karamu ya ukungu.

Dawa iko karibu zaidi, nayo wazee wetu waliijua. Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ulijengwa na watu wasiokuwa na feni wala mashine ya baridi. Nyumba zake zina kuta nene za mawe na chokaa, dari za juu, madirisha yenye luva, na ua wa ndani ulio wazi kwa mbingu. Joto hupanda na kutokea juu ya ua, na upepo uliopoa katika vichochoro vyenye kivuli huingia chini kushika nafasi yake. Kanuni ni hiyo hiyo moja: hewa ya moto ipewe mlango juu, na hewa baridi ipewe mlango chini.

Mwenye banda na aifuate kanuni hiyo. Paa liwe refu, mita 4 au zaidi katikati, kwani kadiri tundu la juu linavyokuwa mbali na la chini ndivyo hewa inavyovutwa kwa nguvu. Kileleni paachwe uwazi kwa urefu wote wa banda, na juu yake pawekwe paa dogo mfano wa kofia, ili joto litoke na mvua isiingie. Banda lilazwe mashariki na magharibi, ili ubavu wake mrefu uupokee upepo wa kaskazi na wa kusi kwa zamu zao. Kuta ziwe za wavu tangu chini hadi juu. Lakini ijulikane kwamba wavu wa matundu madogo mno hupunguza upepo kwa kiasi cha nusu au zaidi, kwa hiyo anayeuchagua hana budi kuzidisha ukubwa wa nafasi zake. Katika miezi ya jua kali utandazwe juu wavu wa kivuli wa asilimia 30 hadi 50, kisha uondolewe wakati wa mawingu, kwani mmea uliokosa mwanga nao hauzai.

Sasa tunawageukia wahusika. Wizara ya Kilimo na wafadhili wanaogawa mabanda haya wasihesabu mafanikio kwa idadi ya mapaa yaliyosimamishwa. Wahesabu kilo zilizovunwa mwezi wa Februari. Tunashauri kwamba mkopo au msaada wowote wa kitalu nyumba usitolewe kabla ya mchoro kuonesha hewa itaingilia wapi na itatokea wapi. Tunashauri pia Taasisi ya Utafiti wa Kilimo kule Kizimbani isimamishe mabanda mawili bega kwa bega, moja la kufungwa na moja la kupumua, ipime joto na mavuno kwa mwaka mzima, na itangaze matokeo kwa Kiswahili chepesi ambacho kila mkulima atakifahamu. Na kila banda lipewe kipimajoto kimoja, kining'inizwe kivulini usawa wa maua. Bei ya chombo hicho ni ndogo kuliko ya mfuko wa mbolea.

Kwa wakulima wenyewe tunasema wasingoje waraka. Aliyekwisha kujenga anaweza leo kuikata nailoni ya kuta, kutia wavu na kufungua kilele. Kazi hiyo ni ya siku mbili kwa fundi na msaidizi wake.

Vijana waliokopa ili walime hawakukosa bidii, na si haki deni liwaelemee kwa kosa la mchoro ulioletwa kutoka nchi ya theluji. Babu zetu hawakukubali kulala katika chumba kisichokuwa na upepo. Tusiulaze humo mmea tunaoutegemea utulishe.