Wakili wa mtandaoni: laptopu inavuka mpaka, leseni inabaki nyumbani

Wakili mwenye laptopu na bando anaweza kukaa Arusha, asubuhi akapitia mkataba wa kampuni ya Nairobi, jioni akaongea na mteja wa Kigali kwa video. Kiteknolojia hakuna shida. Kisheria, mambo si mteremko.

Tatizo liko wapi?

Leseni ya uwakili hutolewa na nchi. Nchini Kenya, Sheria ya Mawakili inamzuia asiye na sifa kuandaa baadhi ya nyaraka kwa malipo, zikiwemo za kuhamisha ardhi na kuunda kampuni. Akifanya hivyo, ada hiyo hawezi kuidai mahakamani. Mteja akigoma kulipa, imekula kwake.

Hata ndani ya Tanzania mpaka upo. Bara kuna Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS), Zanzibar ina mahakama zake na chama chake.

Si kuna soko la pamoja?

Lipo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010 na inagusa huduma pia. Ila nchi zinatakiwa zitambuane vyeti kwanza. Wahasibu, wahandisi na wasanifu majengo walishasaini makubaliano yao. Mawakili wamebaki nyuma.

Sababu moja ni ya kweli: hesabu za nguzo ya zege ni zilezile Mwanza na Kampala, lakini sheria hubadilika ukivuka mpaka. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi mfumo wa Kiingereza. Rwanda, Burundi na DRC ule wa Kibelgiji.

Sababu nyingine ni tumbo. Ofisi ndogo zinahofia wateja wao kuchukuliwa na kampuni kubwa za jirani.

Lakini mlango mmoja uko wazi tayari. Katika Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha, wakili anayeruhusiwa kusimama katika mahakama za juu za nchi mwanachama yoyote anaweza kumwakilisha mteja. Kwa hiyo inawezekana, nchi zikitaka.

Kwa sasa ufanye nini?

Kama wewe ni mteja, kabla hujatuma hela uliza: leseni yako ni ya nchi gani, na bado ni hai? Kama ni wakili, toa ushauri kuhusu sheria ya kwenu, na ya jirani shirikiana na wakili mwenyeji. Ada mtagawana, lakini mkataba wa mteja utabaki salama.