MTUMISHI, FOMU YA MAOMBI SIYO YA KUPOSTI!

Wadau, hivi hii tabia imeanzia wapi? Dada wa watu anajaza fomu ya maombi kanisani: jina, namba ya simu, anapokaa, shida yake. Anaandika ukweli wote maana anajua atakayesoma ni mchungaji. Jioni fomu imepigwa picha, iko kwenye grupu la WhatsApp, eti "tumuombee". Grupu lenyewe lina watu kibao! Kesho yake mtaa mzima unajua kapimwa nini.

Halafu kuna mtumishi mmoja wa mjini hapa (jina kapuni) yeye anarusha laivu kabisa, kamera usoni kwa mgonjwa, na ugonjwa anautaja. Huo ni ushuhuda au tangazo la kanisa?

Msiniambie mambo ya kiroho hayaguswi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na habari za afya zimo kwenye taarifa nyeti, zinazotakiwa ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Sasa mtu kunyoosha mkono aombewe ndo ridhaa hiyo? Acheni hizo!

Admini, zile picha zifute leo. Wengine tupieni maoni hapo chini, ila msitaje jina la mtu.